Maji ya Ntahangwa na Kazi ya Kujitolea

Mgeni afikaye Bujumbura mwezi wa Julai, akapelekwa kuuona mto Ntahangwa, huenda akacheka akiambiwa kwamba huo ndio mto unaoogopwa. Wakati wa kiangazi Ntahangwa ni kijito kipitacho katikati ya mawe, na mtoto aweza kukivuka bila kulowesha magoti. Lakini mgeni huyo akitazama vizuri ataona jambo jingine, nalo ni kina cha korongo lenyewe. Kingo zake mahali pengi zimekatwa wima kama ukuta, na juu ya kingo hizo, karibu kupita kiasi, zimesimama nyumba za watu. Upande wa kaskazini ni mtaa wa Mutanga Nord, yaani Mutanga ya Kaskazini, katika eneo la Gihosha. Ng'ambo yake ni Mutanga Sud, Mutanga ya Kusini. Mto ndio uliozitenga Mutanga hizi mbili, na mto huo huo ndio unaozila zote mbili, kidogo kidogo, masika baada ya masika. Wala isidhaniwe kuwa hapa twasema habari za vibanda. Mutanga Nord ni mtaa wenye nyumba za matofali na nyua zenye maua. Mmomonyoko haukuulizia mali ya mtu.

Ili kuielewa hofu hiyo, yafaa kwanza kuitazama nchi ilivyokaa. Mji wa Bujumbura umejengwa katika uwanda wa Imbo, ukingoni mwa ziwa Tanganyika, mita zipatazo 775 juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya mji milima hupanda ghafla mpaka kupita mita 2,000, na umbali kati ya vilele na ziwa ni mfupi mno. Basi maji ya mvua hayapati mahali pa kupumzika. Ntahangwa, Nyabagere, Muha na Kanyosha zote huteremka mbio, zikakata mji, zikaingia ziwani. Hutokea mvua ikanyesha milimani na kumwua mtu wa bondeni ambaye juu ya bati lake halikuanguka hata tone moja. Aliye juu ajua, aliye chini hajui. Na kati yao pana muda mfupi, pengine wa kupika chungu cha maharagwe, pengine hata usiofika huko. Historia nzima ya kujihadhari na maafa katika mji huu ni historia ya namna watu walivyojaribu kuutumia muda huo.

Usiku wa Jumapili tarehe 9 Februari 2014, kuamkia tarehe 10, muda huo haukutumika. Mvua kubwa ilinyesha, na maji yaliyochanganyika na matope na mawe yakashuka juu ya mitaa ya kaskazini ya mji: Kamenge, Kinama, Buterere na mingineyo. Watu zaidi ya 60 walikufa, wakiwamo watoto wengi, na maelfu wakaachwa bila makao. Wengi walikuwa wamelala. Nyumba za matofali mabichi hazikuhitaji kusukumwa sana. Zililowa tu, zikaanguka juu ya waliokuwamo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilikuwa limeungua mchana watu wakitazama, hata nchi jirani ya Rwanda ikaleta helikopta kusaidia kuzima moto. Maafa hayo mawili, moja la moto na moja la maji, yaliwafanya wakazi wengi waulize swali lile lile: je, nani alipaswa kutuambia, na kwa njia gani?

Waandikao habari za namna hii hupenda kuanza na ngoma. Mimi sitaanza na ngoma. Katika Burundi ya kale ngoma ilikuwa ya mfalme. Neno lenyewe *ingoma* lilikuwa na maana ya ngoma na ya ufalme pia. Haikuwa king'ora cha mtaani. Chombo cha jirani kilikuwa sauti yake mwenyewe: kwa Kirundi watu husema *kuvuza induru*, sawasawa na sisi tusemavyo kupiga yowe au ukunga, na aliyesikia alikuwa na wajibu wa kutoka nje. Huku pwani tulikuwa na mbiu, ile pembe iliyopulizwa kuwaita watu wote, na mithali yake kila mwanafunzi anaijua: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Yowe na mbiu vilikuwa na sifa moja ambayo vyombo vyetu vya leo aghalabu havina. Aliyevipiga alifahamika, na waliovisikia walijua la kufanya.

Kipimo cha maji nacho kilikuwako kabla ya wataalamu. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliona kwamba miti mitatu ya jamii ya mnazi na mtende, ambayo mwaka 1871 ilikuwa imesimama sokoni, sasa ilikuwa ndani ya ziwa. Ziwa lilikuwa likipanda, kwa kuwa mdomo wa mto Lukuga, ulio upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Mwishoni mwa miaka ile ya 1870 kizuizi kikavunjika na maji yakaanza kushuka tena. Hapana shaka watu wa Ujiji hawakumngoja Stanley awaambie. Mti uliokuwa sokoni ukiwa majini, kila muuza samaki ajua ziwa limepanda kiasi gani. Ziwa lilipanda tena sana baada ya mvua za ajabu za 1961 hadi 1964, na wazee wa kando ya ziwa bado huutaja mwaka 1964 kama alama. Tangu 2020 limepanda mara nyingine, na mwaka 2024 kimo chake kilikaribia kile cha 1964. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake ukaifunika Gatumba, na katika mwezi huo huo mto Mulongwe ukaangamiza sehemu ya mji wa Uvira, upande wa pili wa mpaka, maelfu kwa maelfu ya watu wakakosa makao. Ni miji miwili inayotazamana, yenye ziwa moja na, kwa sehemu kubwa ya biashara yake, lugha moja.

Hapa yanipasa kuingia katika jambo ambalo walimu wa Kiswahili hatuwezi kulipita, maana lahusu neno letu wenyewe.

Wabelgiji, walioitwaa Ruanda-Urundi mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliona mapema kwamba udongo wa milima unateremka. Dawa waliyoichagua ilikuwa mifereji: mitaro iliyochimbwa kukingama mteremko, ili maji yapunguze mwendo na kuzama ardhini. Kwa utaalamu, dawa ile haikuwa mbaya. Lakini ilichimbwa kwa amri, bila ujira, chini ya machifu waliopaswa kutimiza hesabu, na asiyekwenda alipigwa kiboko au kufungwa. Kazi hiyo ya lazima, pamoja na ile ya kufungua barabara na kupanda miti, iliitwa *akazi*, jina ambalo yaelekea limetokana na neno la Kiswahili, kazi. Basi neno tunalolifundisha darasani pamoja na mithali njema njema, liliingia katika masikio ya mkulima wa milimani likiwa na harufu ya kiboko. Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, wakulima mahali pengi waliiacha mifereji ile, na wengine wakaifukia kwa mikono yao. Wataalamu waliowaita wajinga hawakuuliza mfereji ule ulikuwa ukumbusho wa nini.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu maji yafikayo Mutanga Nord huanza safari yake juu ya milima hiyo. Tangu miaka ile, kila serikali imelazimika kurudia kazi ile ile kwa jina jingine: kazi za jumuiya za Jumamosi asubuhi, upandaji wa nyasi na miti, na mpango wa kitaifa wa miti ulioanzishwa 2018 ambao jina lake la Kirundi laifananisha nchi na mtu aliyevikwa nguo. Kazi hizi zina faida, nami si mtu wa kuzibeza. Lakini anayeitwa kwenye kazi ya Jumamosi hupima kwanza moyoni mwake kama hii ni akazi au ni kitu kingine.

Kitu hicho kingine kilikuwako, na Warundi wanakiita *ikibiri*: majirani wakikusanyika kulima shamba la mmoja wao, au kumjengea nyumba, leo kwangu kesho kwako. Kwetu husemwa ujima au msaragambo. Juu ya msingi huo Chama cha Msalaba Mwekundu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1963, kilijijenga upya baada ya vita vya ndani vilivyoanza 1993. Badala ya kuanzia makao makuu, kilianzia kilimani. Katika kila kilima au mtaa kundi la watu wa kujitolea lilikutana, likachagua viongozi wake, likaamua lenyewe nani asaidiwe: bibi kizee asiye na paa, mgonjwa wa kubebwa kwa machela, familia iliyorudi kutoka ukimbizini. Hawakulipwa. Leo wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu katika nchi isiyo kubwa, na maafa yatokeapo wao ndio wafikao kwanza, kwa kuwa hawatoki mbali, wapo tayari.

Tulitazame kidogo neno kujitolea. Kiini chake ni toa; limeongezwa kiambishi cha kutendea, na ji- ya kujirejea: mtu ajitoa mwenyewe kwa ajili ya jambo. Amri haimo ndani ya neno hili. Ndiyo maana nasita kila nisikiapo ofisi fulani ikitangaza kwamba wananchi "watajitolea" Jumamosi, na kwamba asiyefika atatozwa faini. Sarufi yenyewe yagoma.

Pamoja na kikundi cha kilimani kuna neno jingine la Kiswahili lililosafiri hadi Bujumbura: nyumba kumi. Katika Tanzania ya miaka ya 1960 chama cha TANU kiliigawa nchi katika mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na balozi wake. Neno likavuka mpaka, na mjini Bujumbura *nyumbakumi* likawa jina la kiongozi wa ngazi ya chini kabisa ya mtaa. Kenya nayo ikalichukua mwaka 2013 kwa mambo ya usalama. Historia ya neno hili ina pande mbili, na tusizifiche. Anayejua nani amelala nyumba ipi aweza kumwokoa usiku wa gharika. Aweza pia kumchongea usiku wa fitina. Burundi imeyaona yote mawili. Hata hivyo, katika mtaa kama Mutanga Nord, uliopakana na korongo, hapana daftari la serikali litakaloshinda kichwa cha mtu ajuaye kwamba katika nyumba ya tatu kutoka ukingoni mna mzee asiyeweza kutembea.

Sasa nije kwenye vyombo vya zama hizi. Mwezi wa Januari 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, vijana wachache wa Nairobi na walioko ng'ambo, miongoni mwao Ory Okolloh na Juliana Rotich, walitengeneza programu iliyopokea habari za watu wa kawaida kwa ujumbe wa simu na kuziweka juu ya ramani, ili ionekane nini kimetokea wapi. Waliiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye, tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 lilipoiangusha Port-au-Prince, programu hiyo yenye jina la Kiswahili ilitumika Haiti. Wahaiti waliofukiwa au waliopotelewa na jamaa zao walituma ujumbe kwa Kikrioli, nao waokoaji wengi walijua Kiingereza tu. Waliouziba mwanya huo ni watu wa kujitolea, wengi wao Wahaiti waishio nchi za nje, waliokaa mbele ya tarakilishi zao usiku na mchana wakitafsiri sentensi moja moja. Ndugu walimu, tusilipite jambo hili haraka. Mitambo ilikuwapo, setilaiti zilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa tafsiri.

Ramani zilifuata njia hiyo hiyo. Tangu 2004 kulikuwa na OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote aweza kuongeza humo njia au nyumba anayoijua. Wakazi wa Kibera mjini Nairobi waliichora Kibera yao tangu 2009, kwa kuwa katika ramani nyingi palionekana patupu kana kwamba hapakai mtu. Dar es Salaam ilianza na Tandale mwaka 2011, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo, nchi ikisherehekea miaka 50 ya Uhuru, mafuriko ya bonde la Msimbazi yakaua watu zaidi ya 40. Mwaka 2015 ikaja Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa kata zenyewe, walipita mtaa kwa mtaa wakiandika mitaro, madaraja na nyumba. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu. Na kwa wazee wakauliza maji yalifika wapi. Mzee aliyeonyesha ukutani kwa kiganja chake, "hapa," alikuwa akitoa takwimu ambayo chombo cha angani hakiwezi kuipata, kwa maana chombo huona paa, hakioni alama ya tope iliyobaki juu ya kitanda.

Isije ikadhaniwa kwamba chombo kikishanunuliwa, shauri limekwisha. Goma, mji wa watu wa Kiswahili chini ya mlima Nyiragongo, una kituo cha kuchunguza volkano, na wachunguzi wake ni watu hodari. Mlima ulikwisha kuimwagia Goma moto mwaka 2002. Mwaka 2020 mradi wa fedha za nje ulimalizika, na kwa muda wa miezi kadhaa kituo kikakosa hata intaneti ya kupokelea habari za mitambo yake iliyotegwa mlimani. Intaneti ilikuwa imerudi kwa muda mfupi tu wakati mlima ulipopasuka jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, bila tahadhari yoyote kutangulia. Watu wapatao 30 walikufa, na maelfu wakakimbilia Rwanda usiku kwa miguu. Wengi waliotoka majumbani walitoka kwa kuona anga jekundu na kwa kupigiana simu na kuitana. Yaani walirudi kwenye yowe.

Kwa mfano huo, nikiulizwa mtaa kama Mutanga Nord wahitaji nini, nitaanza na vitu vya bei ndogo: nguzo iliyochorwa alama za rangi mtoni juu, mtu wa kujitolea anayeisoma wakati wa mvua, simu yenye vocha na chaji, filimbi au kipaza sauti kwa nyumbakumi, na njia ya kukimbilia ambayo watoto wameipita kwa miguu yao mchana wakati wa jua. Kuta za mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya, ambazo hujengwa kuzuia kingo zisibomoke, ni jambo la serikali na wahandisi, nazo hazina badala. Hapa nasema wazi: kujitolea kusigeuzwe kuwa kisingizio cha mwenye bajeti. Mtu wa kujitolea aweza kuwaamsha majirani. Hawezi kuuzuia mto kwa mikono.

Sehemu yetu sisi ni maneno. Tahadhari nyingi huandikwa kwanza kwa Kifaransa cha ofisini, kisha hutafsiriwa kwa namna inayomwacha msomaji mahali alipokuwa: "Wananchi mnaarifiwa juu ya uwezekano wa ongezeko la kina cha maji katika maeneo hatarishi." Mama aliyeshtuka usingizini afanye nini na sentensi hii? Linganisha na hii: "Maji yanakuja. Tokeni kando ya mto sasa. Pandeni juu." Kwa Warundi walio wengi maneno hayo yapaswa kuwa ya Kirundi kwanza, hilo halina ubishi, lakini katika Buyenzi na Bwiza, na kwa wafanyabiashara na wakimbizi watokao Uvira, Kiswahili ndicho kitakachofika mapema. Na kuna mtego wa saa. Kirundi na Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko, Kifaransa huanzia usiku wa manane. Tangazo lisemalo kwamba mvua kubwa yatazamiwa "saa mbili", likiwa limetafsiriwa neno kwa neno na mtu mwenye haraka, laweza kumfanya msikilizaji aingoje asubuhi mvua inayokuja katikati ya usiku. Saa sita za kosa, mahali ambapo hata nusu saa ni mali.

Zoezi moja laweza kufanywa na darasa lolote la kando ya ziwa au kando ya mto, bila gharama. Kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja wa mtaani kwake, amwulize maji ya 1964 yalifika wapi, na ya 2014, na ya 2020; aandike kwa sentensi kamili, kwa maneno ya mzee mwenyewe, pamoja na majina ya vijia, vivuko na mabonde madogo ambayo hayamo katika ramani yoyote. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1964 sasa amekwisha kupita miaka 70. Masika mengine hayako mbali, na wazee hao si wengi.